Uteuzi wa Michezo ya Video kwa Watoto Waanzao Kujifunza Kiingereza

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya ufundishaji wa Kiingereza kwa watoto wa Kenya: juu ya vitabu, juu ya walimu, na juu ya darasa ambalo lugha ya masomo yapasa kubadilishwa. Machache mno yameandikwa juu ya chombo ambacho watoto wamejichagulia wenyewe. Mchezo wa video, au gemu kama wauitavyo, umo katika simu ya mzazi. Umo katika kibanda cha mtaani ambamo mtoto hulipa shilingi chache akacheza kandanda ya kioo. Na tangu 2016, serikali ilipoanza kugawa tableti katika shule za msingi za umma, waweza kuingia hata darasani. Wazazi husikia Kiingereza kikitoka katika chombo hicho, nao hufarijika. Baadhi ya walimu hufarijika pia. Makala haya yanakusudia kuchunguza kama faraja hiyo ina msingi, na kueleza ni kwa kipimo gani mchezo wa video waweza kuteuliwa kwa ajili ya mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza Kiingereza, hasa yule aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili.

Mtoto huyo yafaa aelezwe kwanza, kwa sababu michezo mingi iuzwayo kwa jina la elimu haikutungwa kwa ajili yake. Kwa mujibu wa Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa kwa lugha itumikayo katika eneo la shule, ambayo mijini aghalabu ni Kiswahili, na Kiingereza ni somo miongoni mwa masomo. Afikapo Gredi ya 4, Kiingereza huwa njia ya kupitishia karibu masomo yote. Hesabu huja kwa Kiingereza, sayansi huja kwa Kiingereza, hata maagizo ya kuchora picha huja kwa Kiingereza. Asiyekuwa nacho siku hiyo hashindwi Kiingereza peke yake. Hushindwa yote, na mara nyingi huitwa mjinga kwa jambo lisilohusiana na ujinga. Vipindi vya Kiingereza alivyopewa kabla ya siku hiyo si vingi, na kila nusu saa itumikayo katika mchezo usiofaa hutolewa katika akiba hiyo ndogo.

Kosa la kwanza katika uteuzi ni kuupima mchezo kwa wingi wa Kiingereza kisikikacho ndani yake. Mathalani, mchezo wa kandanda, upendwao sana katika vibanda vya mitaani, huwa na watangazaji wasionyamaza tangu mwanzo wa mechi hadi kipenga cha mwisho. Kwa saa moja mtoto husikia Kiingereza kingi kuliko atakachosikia darasani kwa siku kadhaa. Lakini aweza kumfunga mwenzake mabao matano bila kuelewa sentensi hata moja, maana mpira haungojei sentensi. Kiingereza humo ni kama ngoma ya harusi ya jirani: husikika usiku kucha, na asiyealikwa halali wala hamjui bibi arusi. Stephen Krashen alisisitiza katika kitabu chake cha 1982 kwamba lugha hupatikana kwa kusikia maneno ambayo mwanafunzi ayaelewa, au yakipita kiwango chake basi yapite kidogo tu. Mengi yamebishaniwa katika nadharia yake, lakini hapa yatosha. Maneno ya mtangazaji hayapiti kiwango cha mtoto wa Gredi ya 1 kwa kidogo, na hakuna kitu katika mchezo kimlazimishacho kuyafuata.

Kuna jaribio moja jepesi ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya. Azime sauti ya mchezo na kuyaziba maandishi kwa kipande cha karatasi, kisha amtazame mtoto. Akiendelea kucheza na kushinda kama kawaida, lugha katika mchezo huo ni pambo tu. Akikwama, lugha ndiyo ufunguo. Jaribio hili halihitaji fedha wala utaalamu, na huiangusha michezo mingi sana, pamoja na baadhi ya ile iliyoandikwa neno "learning" juu yake.

Historia ya michezo yenyewe yaeleza kwa nini huanguka. Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1972, ulikuwa na agizo moja la kukumbukwa, "Avoid missing ball for high score", nalo lilibandikwa kwenye kabati la mashine, nje kabisa ya mchezo. (Si vibaya kutaja papo hapo kwamba neno "ball" katika agizo hilo halikutanguliwa na "the", Kiingereza cha michezo kilianza mapema kudondosha vibainishi, na jambo hilo litarejewa.) Mwaka 1976 Will Crowther alitunga mchezo wa namna nyingine kabisa, Adventure, ambao Don Woods aliupanua mwaka uliofuata. Humo hamkuwa na picha hata moja. Kompyuta ilieleza kwa maandishi mahali alipo mchezaji, naye alijibu kwa amri ya maneno mawili, kitenzi na nomino, kama vile "take lamp". Zork, ulioanza kuuzwa na kampuni ya Infocom mwaka 1980, ulielewa amri ndefu zaidi. Asiyejua lugha hakuweza kupiga hata hatua moja katika michezo hiyo. Mwaka 1987 ulitoka Maniac Mansion, ambao vitenzi vyake vilipangwa chini ya kioo. Mchezaji alichagua kitenzi, akaonyesha kitu, na sentensi ikajiunga mbele ya macho yake. Mwalimu wa sarufi hangeweza kutamani chombo bora zaidi, ingawa hadithi yenyewe haikuwa ya watoto wadogo.

Njia hiyo haikuendelea. Ilipofika 1993, watungaji walewale walitoa Sam & Max Hit the Road, ambamo vitenzi vilikuwa vimeondolewa na mahali pake pamewekwa picha za jicho, mkono na mdomo. Mchezo usio na maneno mengi ni rahisi kuuzwa katika nchi nyingi, na mchezaji huona raha kuucheza. Mwaka 2000 ulitoka The Sims, ambao watu wake huzungumza mchana kutwa, wakicheka na kugombana, kwa lugha iitwayo Simlish, iliyobuniwa isieleweke na mtu yeyote. Mzazi asiyejua hilo aweza kudhani kwamba mwanawe anasikiliza Wamarekani wakiongea. Kwa ufupi, ufundi wa kutunga michezo umekuwa, kwa sehemu kubwa, ufundi wa kumwondolea mchezaji haja ya kusoma na kusikiliza. Hata pale maneno yalipobaki, mchezaji hupewa njia ya kuyakimbia. Miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mtoto huyashika katika michezo ya simu ni "skip", na kazi ya neno hilo ni kuyafukuza mengine yote.

Utafiti mmoja uliofanywa Japani wahusiana na jambo hili kwa karibu. Jonathan deHaan na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo ya jaribio la wanafunzi 80 wa chuo kikuu, walioketishwa wawili wawili. Mmoja alicheza mchezo wa muziki wenye maneno ya Kiingereza, na mwenzake aliutazama mchezo uleule katika kioo kingine bila kugusa kitu. Baadaye wote waliulizwa maneno waliyoyakumbuka. Watazamaji waliwapita wachezaji kwa tofauti kubwa. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba kazi ya kubonyeza kwa wakati uliotakiwa iliila nafasi ya akili ambayo ingetumika kushika maneno. Ni kweli kwamba waliojaribiwa walikuwa watu wazima, na kwamba mchezo wenyewe ulikuwa wa kufuata mapigo, ambao hauruhusu hata nukta ya kupumua. Hata hivyo, ikiwa mtu mzima hulemewa na vidole vyake, hapana sababu ya kutumaini kwamba mtoto wa miaka saba atafanya vyema zaidi.

Kinyume cha utafiti huo hutajwa aghalabu ule wa Uswidi. Liss Kerstin Sylvén na Pia Sundqvist waliwachunguza watoto 86 wa umri wa miaka 11 na 12, wakaona, katika makala yao ya 2012, kwamba wale waliocheza michezo kwa saa tano au zaidi kila juma walikuwa na Kiingereza bora kuliko wenzao waliocheza kidogo na wasiocheza kabisa. Wauzaji wa michezo hupenda kutaja matokeo ya namna hii. Lakini yapasa kuuliza ni nini kilichotangulia. Mtoto aliyekwisha kujua Kiingereza kidogo huvutwa na michezo yenye maneno, na michezo hiyo humwongezea. Asiyejua kitu hujiendea kwenye mpira. Isitoshe, watoto wa Uswidi hukulia katika nchi ambayo filamu za Kiingereza huonyeshwa kwa sauti zake za asili na tafsiri chini ya picha, na lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiingereza. Kuyahamisha matokeo yao moja kwa moja hadi Kwale au Kibera ni haraka isiyofaa. Linaloweza kuchukuliwa kwa usalama ni kwamba mchezo hulipa pale mtoto anapokuwa na mtaji wa kuanzia, na swali la mwanzoni ni namna ya kumpatia mtaji huo.

Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema kuliko muuzaji, kwa sababu mtaji wa mtoto wa Kiswahili una sura yake. Mtoto aliyefundishwa kusoma kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu, amejengewa imani moja yenye nguvu: kila herufi ina sauti yake na haiigeuki. Imani hiyo ni ya kweli katika Kiswahili na imemfanya asome upesi. Michezo mingi ya herufi huanza kwa kuimba majina ya alfabeti ya Kiingereza, na majina hayo humchanganya. Jina la E kwa Kiingereza ni sauti ya I ya Kiswahili. Jina la I husikika kama "ai", na la A kama "ei". Mtoto anayesikia kioo kikitaja E huigusa I, na mchezo humzomea kwa mlio wa kosa, ilhali sikio lake limesikia sawasawa. Baada ya milio kadhaa hujifunza kubahatisha. Mchezo wa namna hiyo haufai kwa miezi ya mwanzo, hata kama nyimbo zake ni tamu, na hata kama watoto wa Uingereza hunufaika nao.

Irabu zina mgogoro wake. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na karibu 20, zikiwamo zile zinazoungana. Kwa sikio la mtoto, "hat", "hut" na "heart" ni neno moja, na "ship" na "sheep" ni neno moja. Mchezo unaoziweka picha za kofia na kibanda pamoja, ukatamka neno moja, ukamngojea mtoto achague, hufanya kazi ambayo kitabu hakiwezi kuifanya na ambayo mwalimu mwenye watoto 60 hupata taabu kuifanya. Lakini hapana budi uwe na kibonyezo cha kurudia sauti, na uvumilie kurudiwa mara kumi bila kuhesabu makosa wala kupunguza muda. Yafaa pia mwalimu ausikilize kwanza. Michezo mingi husema Kimarekani: huitamka "r" ya "heart", na huita herufi ya mwisho "zee". Mwalimu wa Kenya haitamki "r" hiyo, na herufi yake ni "zed". Hapana mkosaji kati yao, ila mtoto mgeni hajui hivyo, na ni bora aelezwe kwa maneno mawili kuliko aachwe adhani kwamba mwalimu wake hajui.

Katika sarufi, jambo lenye manufaa zaidi ni mahali. Kiambishi "-ni" cha Kiswahili ni kipana: kitabu kiko mezani, na watoto nao wako mezani wakila. Kiingereza humlazimisha msemaji kuamua, "on the table" kwa kitabu na "at the table" kwa watoto. Ni kweli kwamba Kiswahili kina "juu ya", "chini ya" na "ndani ya", lakini msemaji huyatumia pale tu anapoona haja. Michezo ya kuficha na kutafuta, ambamo mpira uko chini ya kitanda au nyuma ya mlango, humpa mtoto haja hiyo kila dakika. Vivyo hivyo, mchezo wenye mvulana na msichana, unaotaja kila mara nani amefanya nini, humzoeza "he" na "she", tofauti ambayo neno "yeye" halikumtayarishia.

Vibainishi ni kinyume chake, maana hapo michezo huharibu. Vitu katika michezo hubandikwa majina matupu: "Key", "Sword", "Iron". Kwa kuwa nomino ya Kiswahili nayo haina kibainishi, mtoto huyachukua majina hayo jinsi yalivyo na kusema "I take key". Mwalimu humrekebisha, kesho yake kioo humrudisha palepale. Kati ya michezo miwili inayolingana kwa mengine, unaosema "a red key" ndio wa kuchaguliwa. Amri nazo ni tatizo kama hilo. Shina tupu la kitenzi huwa amri katika lugha zote mbili, "fungua" na "open", kwa hiyo amri huingia upesi na bila maumivu. Lakini mtoto aliyelishwa amri tupu huwa na Kiingereza cha nyapara. Hajasikia mtenda wala wakati. Neno moja la Kiswahili, "nimekifungua", hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Kiingereza huyatawanya katika maneno manne, "I have opened it", na mtawanyiko huo haujifunzi kwa kusikia "open". Mchezo mwema hulijibu tendo la mtoto kwa sentensi. Anapofungua sanduku, humwambia, "You opened the box". Ni jambo dogo, na ni nadra kuliko linavyopaswa kuwa.

Yafaa pia kutofautisha michezo iliyotungwa kwa mtoto ajifunzaye lugha na ile iliyotungwa kwa mtoto mwenye lugha. Endless Alphabet, iliyotoka 2013, ni kazi nzuri kwa ufundi. Kila herufi hutoa sauti yake inapovutwa, kisha maana ya neno huigizwa na mazimwi ya kuchekesha. Lakini maneno yake ni kama "gargantuan" na "cooperate", kwa sababu mtoto aliyekusudiwa alikwisha kujua "big" na "help" kabla ya kuanza shule. Kumpa mtoto wa Gredi ya 1 neno "gargantuan" ni kumvisha kanzu ya babu. Michezo ya kampuni ya Humongous Entertainment, iliyoanza na Putt-Putt Joins the Parade mwaka 1992, yaelekea kufaa zaidi, ingawa nayo ilitungwa kwa wenye lugha. Ilikusudiwa watoto wasiojua kusoma, kwa hiyo kila kitu husemwa kwa sauti. Hakuna saa inayomkimbiza mchezaji. Na mtoto aweza kubofya kitu kilekile mara ishirini aone kinachotokea. Mazungumzo yake hata hivyo ni ya kasi, na humtaka mtu mzima aketi kando. Michezo ya Pokémon, ambayo watoto huijua kwa majina yote ya wanyama wake, iachwe kwa baadaye. Majina hayo ni ya kubuni, na mwanafunzi mchanga hana njia ya kujua kwamba "Bulbasaur" halimo katika kamusi.

Baada ya michezo mingi kuangushwa hivyo, inashangaza kwamba mmojawapo wa iliyobaki na manufaa ni ule usiosema kitu. Kampuni ya Toca Boca ya Uswidi hutengeneza michezo ya nyumba, jikoni, duka na hospitali, ambayo karibu haina maneno wala haina kushinda na kushindwa. Mtoto huchukua tofaa akaliweka ndani ya friji, au humlaza mtoto wa bandia kitandani. Kwa jaribio la karatasi na sauti, mchezo huo huanguka papo hapo. Lakini jaribio hilo hupima mchezo uachwao peke yake na mtoto. Mwalimu akiwepo, ububu huo huwa fadhila, maana nafasi ya lugha imeachwa wazi naye aweza kuijaza kwa Kiingereza cha kiwango anachokitaka. Husema, "Put the apple in the fridge", na mtoto hutenda. James Asher, katika kitabu chake cha 1977, alieleza mbinu ya kufundisha lugha kwa kuwafanya wanafunzi watende waliyoamriwa kabla ya kutakiwa kusema. Darasa la Asher lilihitaji viti, milango na nafasi ya kutembea. Tableti moja humpa mwalimu wa darasa lililosongamana nyumba nzima juu ya dawati.

Utafiti wa Japani huingia hapa kwa namna ambayo huenda watafiti wenyewe hawakuikusudia. Ikiwa mtazamaji hushika maneno kuliko mchezaji, basi uhaba wa vifaa, ambao shule huuona kuwa ni balaa, waweza kupangwa ukawa mbinu. Watoto wawili waketi kwenye kifaa kimoja. Mmoja awe na vidole na mwingine awe na maneno. Mwenye vidole asifanye lolote asiloambiwa na mwenzake, kisha wabadilishane. Mwenye maneno atalazimika kusema "under", maana mwenzake akiliweka tofaa juu ya meza ataona kosa hilo kwa macho yake na atataka lirekebishwe. Hapo sentensi huwa na kazi ya kufanya. Amri tupu za mwanzo zitakapozoeleka, mwalimu aweza kumtaka mtoto wa tatu asimulie yaliyotendeka, "She put the apple under the table", na hapo mtenda na wakati huingia bila somo la sarufi kutangazwa.

Watoto hao watabishana, na watabishana kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Wasizuiwe. Shule nyingi za Kenya zimewahi kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, na kivuli cha kibao hicho hakijaondoka kabisa katika fikra za watu wazima. Mtoto asemaye, "Si hapo, nimesema 'under', chini yake!" amefanya tafsiri, amelinganisha mifumo miwili, na amemfundisha mwenzake, yote kwa pumzi moja. Akilazimishwa kulisema hilo kwa Kiingereza tu atanyamaza, na kimya hakimfundishi mtu lugha.

Kiswahili kina haki ya zaidi ya kuwa lugha ya mabishano kando ya kioo. Mashindano ya kimataifa ya programu za kujifundishia yaliyoendeshwa na shirika la XPRIZE la Marekani yalifanyiwa majaribio katika mkoa wa Tanga, Tanzania. Karibu watoto 2,700 katika karibu vijiji 170 walipewa tableti za kujifundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na wengi wao walikuwa hawajapata kwenda shule. Majaribio yalichukua miezi 15, na mnamo Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawiwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Programu za washiriki wa fainali zikaachwa wazi ili mtu yeyote azitumie na kuzirekebisha. Kwa suala la Kiingereza, maana ya Tanga ni hii: mtoto aliyekwisha kutambua kwamba alama ya kioo ni sauti ya kinywa, na akatambua hivyo kwa lugha aielewayo, hahitaji kulitambua tena. Huhitaji tu kuambiwa kwamba Kiingereza huzitumia alama zilezile kwa desturi nyingine. Kumpa michezo ya herufi za Kiingereza kabla ya hapo ni kumfundisha mambo mawili mapya kwa wakati mmoja, na la pili likilipinga la kwanza.

Utaratibu basi ungekuwa hivi. Kwa mwaka wa kwanza, michezo ya kusoma iwe ya Kiswahili, na Kiingereza kije kwa masikio, kupitia michezo bubu inayosemewa na mwalimu na michezo ya sauti inayorudiwa. Michezo ya simu ya bure yenye matangazo ya biashara iepukwe darasani, kwa sababu matangazo hukatiza sentensi katikati. Ile isiyohitaji intaneti ndiyo itakayotumika kweli katika shule nyingi. Maandishi ya Kiingereza yaingie mtoto anapoweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili bila kutaja silabi moja moja.

Kwa hatua hiyo ya maandishi kuna mchezo mmoja ustahilio kutajwa, Scribblenauts, uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya 5th Cell kwa ajili ya Nintendo DS, na ambao matoleo yake ya baadaye yalifika hata kwenye simu. Mchezaji huandika nomino, na kitu hicho hutokea. Akiandika "ladder" hupata ngazi ya kupandia, akiandika "cow" hupata ng'ombe. Toleo la 2010 liliongeza vivumishi, na mtoto akapata kujua, kwa kumwona ng'ombe, kwamba "red" hutangulia "cow" wala halimfuati kama katika Kiswahili. Fumbo moja huwa na majibu mengi, kwa hiyo maneno kumi yatosha kuanzia. Mtoto wa Kiswahili ataandika anavyosikia: atataka kikombe aandike "kap". Mchezo hauzomei. Humletea maneno yanayokaribiana na alichokiandika ili achague, na hapo yeye na mwenzake huinama juu ya kioo, wakiyasoma moja moja, wakibishana ni lipi lililo kikombe.